Subira Yenye Mizani

Kampala ni mji uliozipandisha imani zake vilimani. Wakatoliki wako Rubaga na Nsambya, Waanglikana wako Namirembe, Waislamu Kibuli na Old Kampala, na vilima hivyo havikutosheka na nyumba za ibada. Hospitali ya Mengo ilianza mwaka 1897 ubavuni mwa Namirembe, ya Rubaga 1899, ya Nsambya 1903, na Kibuli nayo ikapata yake. Mulago, iliyoanza 1913, ndiyo ya serikali, na ndani ya uwanja wake imo Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoundwa 1988 na kupewa mamlaka yake kwa sheria ya mwaka 2016. Huko ndiko wanakofikishwa wengi ambao vali za mioyo yao zimeharibika. Wanapimwa, wanaambiwa kwamba vali inahitaji kurekebishwa au kubadilishwa, halafu wanaambiwa wasubiri, kwa sababu foleni ni ndefu, fedha hazijatimia, au mwili wenyewe haujawa tayari kwa kisu. Wakiteremka kutoka Mulago, padri, mchungaji na shehe huwapa neno lile lile: subira. Swali ninalotaka kulichambua ni hili: subira hiyo inamdai mtu afanye nini wakati miguu inavimba na mapafu yanajaa maji? Jibu ninalolitetea ni kwamba subira ya mgonjwa huyu ni kazi ya mikono, tena kazi yenye vipimo, na kwamba kiongozi wa dini anayeihubiri bila kuuliza habari ya mizani, chumvi na vidonge hajaihubiri bado.

Yafaa tuanze na mwili, maana mafundisho mengi kuhusu ugonjwa hupotoka kwa kutoujua ugonjwa wenyewe. Katika sehemu hizi za Afrika, vali nyingi zinazosubiri upasuaji ziliharibiwa na homa ya rumatiki. Mtoto wa kati ya miaka mitano na kumi na mitano huumwa koo, koo hilo lina bakteria wa streptokoka, na kinga ya mwili, katika kumpiga bakteria, hujikuta inaishambulia na vali ya moyo. Homa hupita. Miaka baadaye kovu limeibana vali iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto, au limeifanya ivuje, na damu inarudi nyuma kuelekea mapafuni. Hapo mtu anaanza kuishiwa pumzi kwa kupanda ngazi, kisha kwa kutembea tambarare, kisha kwa kulala tu. Anaongeza mto wa pili na wa tatu, anaamka usiku wa manane na kukaa kitako akitafuta hewa. Shinikizo likifika upande wa kulia wa moyo, ini huvimba, tumbo hujaa, na kidole kikibonyezwa juu ya kifundo cha mguu huacha shimo.

Lakini maji hayo hayatengenezwi na vali. Yanashikiliwa na figo. Figo zinapoletewa damu pungufu hazina njia ya kujua kwamba kuna mlango uliobana huko juu. Zinasoma upungufu huo kama ukame, au kama mtu anayevuja damu, na zinafanya kile zilichoumbwa kufanya katika ukame: zinazuia chumvi isitoke, na chumvi inazuia maji. Ni sawa na mlinzi wa ghala aliyepewa habari ya uongo kwamba njaa imeingia nchini, akafunga milango kwa uaminifu wote huku mvua ikinyesha nje. Kwa kila lita ya maji inayobaki mwilini hivyo, takriban gramu 9 za chumvi zimebaki nayo, na kila lita huongeza kilo moja kwenye mizani. Mtu anaweza kunenepa kilo tano kwa wiki mbili huku mashavu yake yakibonyea.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndiyo ushahidi wa kwanza wa hoja yangu. Tumbo lililojaa maji linatisha, na kwa muda mrefu limekuwa likisomwa kama hukumu. Katika Agano la Kale, sura ya tano ya kitabu cha Hesabu, mwanamke anayeshukiwa uzinzi ananyweshwa maji mbele ya kuhani, na akiwa na hatia tumbo lake linavimba. Nyumbani kwetu hatuhitaji hata kuhani, jirani anatosha. Mwanamke kijana anayevimba tumbo bila mimba atatafutiwa sababu kwa mke mwenza, kwa kaburi lisilotunzwa, kwa deni la mizimu. Kampala yenyewe ina historia ya pekee katika jambo hili. Katika miaka ya 1940 mtaalamu wa patholojia aitwaye Jack Davies, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, alieleza ugonjwa ambao utando wa ndani wa moyo hugeuka kovu gumu. Wagonjwa wake huja na tumbo lililotuna kwa maji na miguu ambayo mara nyingi haijavimba kwa kiasi hicho, umbo ambalo mtu yeyote angeapa kuwa ni la kurogwa. Walipopasuliwa baada ya kufa, kilichoonekana kilikuwa kovu. Si kwamba sayansi imeshamaliza kuueleza ugonjwa huo, la. Chanzo chake bado kinabishaniwa. Ila mahali pa maji panajulikana, na hapana maandishi ya dhambi.

Injili ya Luka, katika sura ya 14, ina kisa ambacho ninashangaa hakihubiriwi mara nyingi zaidi katika wodi za moyo. Yesu amealikwa chakula siku ya Sabato nyumbani kwa mkubwa wa Mafarisayo, na mbele yake yupo mtu mwenye safura, yaani aliyevimba kwa maji. Anawauliza wanasheria kama ni halali kuponya siku hiyo, wananyamaza, anamponya, kisha anawauliza nani kati yao ambaye mwanawe au ng'ombe wake akitumbukia kisimani hatamtoa mara moja ati kwa kuwa ni Sabato. Mambo mawili hapo yanastahili kutazamwa. La kwanza, hakuna anayemuuliza mgonjwa alifanya nini hata akavimba, ingawa wageni waliokaa mezani wangependa sana kujua. La pili ni mfano uliochaguliwa: aliyetumbukia kisimani. Anayezama hapewi mawaidha ya kungoja siku ya kazi. Kuna mambo ambayo kuyaahirisha kwa jina la utakatifu ni kuuvunja utakatifu huo, na maji yanayopanda kifuani ni mojawapo.

Mwislamu atasema, na kwa haki, kwamba tawakuli ina fiqhi yake, nayo haikuanza jana. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika ndani ya mkusanyo wake mkubwa uitwao Ihya kitabu kizima juu ya kumtegemea Mungu, na humo anazigawa njia za kuondoa madhara katika mafungu matatu. Kuna zile za yakini, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa. Kuziacha hakuhesabiwi kuwa tawakuli, na pale kifo kinapohofiwa ni haramu. Kuna zile za dhana, ambazo kwa kawaida husaidia ingawa si kila mara, na humo aliutia utabibu wa zama zake, kuumika na dawa za kuendesha tumbo. Kuzitumia hakuvunji tawakuli. Na kuna zile za kukisia tu, kama kuchomwa kwa chuma cha moto na azima, ambazo kuziacha ndiko kunakomfaa mwenye kutegemea. Uzuri wa mgawanyo huu ni kwamba hauzitaji dawa kwa majina ya kudumu. Unapima nguvu ya ushahidi, na ushahidi hukua. Katika zama za Ghazali hapakuwa na tiba ya kuaminika kwa mtu aliyejaa maji. Mwaka 1785 daktari Mwingereza, William Withering, alichapisha kitabu juu ya mmea wa digitali baada ya kuufuatilia kwa wagonjwa wake waliovimba kwa miaka kumi hivi. Fununu ya kwanza, kwa maelezo yake mwenyewe, ilitoka katika dawa ya siri ya bibi mmoja wa kijijini. Hiyo ilikuwa dhana, na dhana ya hatari, kwa kuwa kipimo kidogo kikizidi kinaua. Katika miaka ya 1960 ikaja furosemidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix au kwa kuiita tu dawa ya maji. Mtu aliyekaa kitako usiku kucha akipigania pumzi huchomwa sindano yake, na mara nyingi ndani ya saa chache amekojoa na anaweza kulala. Sidhani kama ni ujasiri kusema kwamba dawa hii, kwa mtu huyu, imehama kutoka fungu la dhana na kukaribia sana la yakini. Na ikiwa imehama, basi hukumu ya kuiacha imehama nayo.

Pingamizi la kwanza linatoka ndani ya mapokeo yale yale. Wachamungu wakubwa waliacha dawa. Inasimuliwa kwamba Abu Bakr alipougua akaambiwa aitiwe tabibu, alijibu kwa maneno yenye maana kwamba Tabibu amekwisha kumwona. Na walokole wa Afrika Mashariki wana simulizi zao za watu walioitupa dawa na kubaki na neno. Ghazali mwenyewe hakulikwepa swali hili. Alitafuta sababu za wale walioacha: huenda mmoja alikuwa amefunuliwa kwamba saa yake ya kufa imefika, mwingine alishughulishwa na hofu ya Akhera hata hakuhisi maumivu, mwingine dawa aliyopewa ilikuwa ya kubahatisha. Mimi naongeza jambo moja. Wote hao waliamua juu ya nafsi zao, na wengi walikuwa mbele ya dawa za kubahatisha. Hakuna kati yao aliyesimama na kipaza sauti akawaambia mama zake na dada zake waache kitu ambacho faida yake inaonekana kwa macho asubuhi inayofuata. Kujitoa mhanga ni jambo ambalo mtu anaweza kulitaka kwa ajili yake; kumtoa mwingine ni jambo la aina nyingine kabisa.

Sasa kazi yenyewe. Kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kula, mgonjwa anapanda mizani na kuandika. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu, hiyo si shibe. Ni maji, na ni siku ya kupiga simu hospitali. Anahesabu mito aliyolalia. Anameza vidonge kwa saa iliyopangwa hata kama safari ya teksi kutoka Wakiso hadi mjini haina choo njiani, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa: wanaruka dozi siku ya safari, siku ya harusi, siku ya mazishi, kwa aibu ya kukojoa kila mara mbele ya watu. Anakwenda kwa daktari kupimwa damu, kwa sababu dawa ya maji hutoa na potasiamu. Matooke na ndizi mbivu zina potasiamu nyingi na Kampala haijawahi kukosa ndizi, lakini aliyepewa pia spironolaktoni, dawa nyingine ya maji, yuko katika hatari ya upande wa pili, ya potasiamu kuzidi, kwa hiyo hata ndizi si jambo la kujiamulia. Wala kukauka kupita kiasi si ushindi. Vali iliyobana inahitaji damu ya kutosha nyuma yake ili kitu kipite. Mtu anayejiongezea vidonge kwa hofu ya uvimbe anaweza kuangusha shinikizo la damu na kuziumiza figo ambazo upasuaji utazihitaji. Unyenyekevu unaosifiwa misikitini na makanisani una sura yake hapa: kufuata kipimo cha mwingine wakati hofu yako inakuambia uongeze.

Na chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima yeyote, hata mzima wa afya, asizidi gramu tano kwa siku, na mgonjwa wa moyo ana sababu zaidi ya kuihesabu. Hili ni gumu kuliko vidonge, kwa sababu chumvi haiko chumbani mwa mgonjwa, iko mezani pa wenzake. Iko katika binyebwa, mchuzi wa karanga, katika unga wa viungo vya paketi unaonyunyizwa kila mahali siku hizi, katika samaki mkavu, katika rolex, ile chapati iliyoviringiwa mayai kandokando ya barabara, ambayo mpishi wake hataki kusikia habari ya kupunguza. Dini nazo zimeisifu chumvi: sadaka za Walawi zilitiwa chumvi, na wanafunzi wa Yesu wenyewe waliitwa chumvi. Katika nchi ambayo chumvi ya Ziwa Katwe ilikuwa utajiri wa wafalme wa Bunyoro, kumpikia mgeni chakula kisicho na chumvi ni karibu na kumfukuza. Kwa hiyo mgonjwa anayekataa mchuzi anaonekana anamkataa mwenyeji. Hapo subira inaacha kuwa fadhila ya mtu mmoja. Familia inayotia chumvi mezani badala ya jikoni, ili kila mtu ajiongezee mwenyewe, imeshiriki katika subira ile zaidi ya familia inayofunga siku saba kwa maombi na kumpelekea mgonjwa supu ya kwato.

Kwa nini kazi hii iitwe kungoja upasuaji, isiitwe tu kutibu? Kwa sababu upasuaji unaanzia hapo. Mapafu yaliyojaa maji yanachelewa kuachana na mashine ya kupumulia. Ini lililovimba kwa damu iliyokwama halitengenezi vizuri vitu vinavyogandisha damu, na mgonjwa wa namna hiyo anavuja damu mezani. Figo zilizochoka zinaweza kuzimika. Ndiyo maana wapasuaji humtaka mgonjwa apunguzwe maji kwanza, wakati mwingine kwa kulazwa siku kadhaa kwa ajili hiyo tu. Wanaodhani kwamba miezi ya foleni ni muda mtupu kabla ya tendo la kweli wameikosea ramani.

Pingamizi la pili ni la werevu, na huja kila Ramadhani. Kama tatizo ni maji, je, saumu si dawa? Mtu akikaa bila kunywa kutoka alfajiri hadi magharibi atapungua maji, na atapata thawabu juu yake. Hali kadhalika wako Wakristo wa mfungo mkavu, wa siku tatu bila tone. Tatizo la hoja hii ni kwamba maji yaliyozidi yako miguuni na tumboni, nje ya mishipa, huku figo zikiamini kuna ukame. Kuzipa figo ukame wa kweli ni kuthibitisha uongo ambao zimekwisha kuuamini. Zitashika chumvi kwa nguvu zaidi. Aliyemeza dawa ya maji asubuhi kisha asinywe kitu katika jua la Kampala anaweza kuanguka kwa kizunguzungu saa nane mchana. Asiyeimeza atakuwa amekosa dozi. Na jioni, uji, supu na sambusa vikiingia kwa pamoja katika saa mbili au tatu, moyo uliobana unaletewa mzigo wa siku nzima kwa mkupuo mmoja. Wako wagonjwa wa moyo waliotulia ambao madaktari huwaruhusu kufunga, na dozi zao hupangwa upya kufuatana na daku na futari. Huyu aliyejaa maji akingoja kisu si mmoja wao. Na sheria yenyewe imeshamtangulia: sura ya Al-Baqara inampa mgonjwa hesabu ya siku nyingine, na asiyetarajia kupona anayo fidia ya kulisha maskini. Anayeikataa ruhusa hiyo ili aonekane na imani kubwa zaidi anajaribu kuwa mkarimu kuliko aliyetoa ruhusa.

La tatu ni gumu zaidi kulijibu kwa upole, kwa sababu linahusu ushuhuda. Katika makanisa mengi ya mjini hapa, watu husimama mbele na kueleza kwamba walikuwa wamevimba, wakaombewa, uvimbe ukaisha. Sina sababu ya kusema kwamba wanadanganya. Uvimbe huisha kweli. Huisha kwa kulazwa kitandani na kuinua miguu, kwa wiki ya chakula kisicho na chumvi, kwa dozi iliyoongezwa kliniki Jumatano kabla ya maombi ya Ijumaa. Maji ni dalili inayokuja na kuondoka, na kuondoka kwake kunaonekana na kila mtu, picha ya kupendeza kwa wanaotazama. Vali haionekani na mtu ila kwa eko, kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti. Hatari inaingia pale kukauka kwa miguu kunapotangazwa kuwa kupona kwa moyo. Mgonjwa huacha vidonge kwa sababu kuendelea navyo kungekuwa kuukana ushuhuda wake mbele ya kusanyiko, na wiki chache baadaye anarudishwa Mulago akiwa amezama kuliko mwanzo, safari hii na aibu ya ziada, kwamba imani yake ilipungua. Mchungaji mwenye busara angemwacha atoe shukrani kwa uvimbe uliopungua na kumtaka alete majibu ya eko kabla ya kutangaza lolote zaidi. Sioni ni wapi hapo Mungu amepunguziwa heshima. Anayeamini kwamba Mungu anaweza kuifungua vali hana haja ya kuogopa kipimo kinachoonyesha kama imefunguka.

Lipo bado pingamizi ambalo halitoki kwa waumini. Litasema: haya yote ni mafunzo ya utulivu kwa maskini. Unamfundisha mwanamke wa Kawempe kupima uzito wake kila asubuhi wakati kinachomuua ni kukosa upasuaji, na upasuaji anaukosa kwa sababu ya fedha na mipango ya nchi. Mwenye uwezo anapanda ndege kwenda India. Wako waliotibiwa bure katika Kituo cha Salam cha Khartoum, kilichofunguliwa 2007 kwa ajili ya wagonjwa wa moyo wa nchi nyingi za Afrika, hadi vita vikazuka katika mji huo Aprili 2023. Waliobaki wanahubiriwa subira. Nakubali sehemu kubwa ya shutuma hii. Subira imewahi kutumika kama blanketi la kufunikia uzembe wa wakubwa, na itatumika tena. Lakini subira ninayoitetea inaacha maandishi. Daftari lenye tarehe, kilo na mito ni ushahidi wa miezi mingapi mtu alitimiza upande wake huku upande wa pili ukiwa kimya. Aliyekaa tu akingoja hana cha kuonyesha. Na hoja hiyo ya haki ikifuatwa mpaka mwisho haitupeleki kwenye vyumba vya upasuaji peke yake. Kaskazini mwa nchi hii, katika eneo la Gulu, watafiti wa Uganda na wenzao wa Marekani walipima mioyo ya watoto zaidi ya laki moja, wakawapata walio na dalili za awali kabisa za ugonjwa wa vali, na kuwagawa 818 kati yao kwa kura. Nusu walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili. Matokeo yaliyochapishwa mwishoni mwa 2021 yalikuwa wazi: ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Penisilini ya aina hiyo ipo tangu miaka ya 1950. Parokia inayochangisha mamilioni kwa safari ya India ya muumini mmoja inafanya jambo jema, ila katika shule yake ya Jumapili wamo watoto wenye koo zinazouma, na walimu wao hawajawahi kuambiwa kwamba koo hilo ni habari ya moyo.

Limebaki swali la wakati, na hapa naona falsafa inadaiwa kuliko tiba. John Mbiti, Mkenya aliyefundisha dini Makerere kwa muongo mmoja kuanzia 1964, alidai katika kitabu chake cha 1969 kwamba fikra za jadi za Kiafrika zina nyakati mbili hasa, akaziita kwa maneno ya Kiswahili Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo, kwa kuwa haujatendeka. Alipingwa sana, na nadhani wapinzani wake walikuwa na haki kuhusu Waafrika kwa jumla. Mkulima anayepanda mvule kwa ajili ya wajukuu hangekubaliana naye. Lakini kuhusu mtu aliye kwenye foleni ya vali maelezo yake yanagusa kitu. Tarehe ya upasuaji haijatendeka na huenda isitendeke. Vita vinafunga mji, mashine inaharibika, mchango unakwama, mwili unakataa. Mtu aliyeyahamishia maisha yake yote ng'ambo ya tarehe hiyo, asiyezungumza na mumewe juu ya jambo lolote ila "nikishapasuliwa," ameweka akiba mahali pasipokuwa pake. Alicho nacho ni leo: usiku ambao alilala kwa mto mmoja, Idi aliyoweza kuwapikia watoto akiwa amesimama, ibada aliyoikaa hadi mwisho bila kutoka nje kutafuta hewa. Mambo haya yana thamani yake hata kama kisu hakitafika. Wengi hawafikii kisu. Huo ndio ukweli wa ugonjwa huu, ambao mwaka 2019 ulikadiriwa kuwaua watu zaidi ya laki tatu duniani. Kama subira ingekuwa na maana kwa sababu tu ya upasuaji unaokuja, tungelazimika kusema kwamba waliokufa kabla yake walipoteza muda wao. Siwezi kulisema hilo, na sidhani kama kuna dini kilimani Kampala inayoweza.

Wala waliovuka hawaingii katika wakati wa aina nyingine. Anayewekewa vali ya chuma atameza dawa ya kuzuia damu isigande kila siku ya maisha yake, atapimwa damu mara kwa mara kuona kama imekuwa nyepesi mno au nzito mno, na akiwa mwanamke kijana itambidi apange mimba pamoja na daktari, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Anayewekewa ya mnyama huenda akarudi mezani baada ya miaka kadhaa. Wengi wataendelea na sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne ili koo lisiirudie vali. Mazoea ya kupima, kuandika, kumeza kwa saa na kuuliza kabla ya kubadilisha, ambayo kwenye foleni yalionekana kama adhabu ya kungoja, ndiyo yatakayoendelea kutumika.